Jinsi ya Kutambua Asili ya Mandolini ya Bei Nafuu Inayouzwa kwa Jina la Mwagizaji

Jina lililoandikwa kwenye kichwa cha mandolini ya bei nafuu humtaja aliyeiagiza, na mara chache sana humtaja aliyeitengeneza. Kiwanda kimoja huunda ala zenye kiwiliwili kilekile, shingo ileile na vikazio vya nyuzi vilevile, kisha huzipeleka kwa waagizaji kadhaa, kila mmoja akiwa na jina lake, lebo yake na bei yake. Mwagizaji naye anaweza kuhama kiwanda, hata kuhama nchi, bila jina lake kubadilika herufi moja. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua mandolini yake imetoka wapi hana budi kuliweka jina kando kwa muda, aichunguze mbao, chuma na karatasi, kisha alirudie jina mwishoni ili aone kama linakubaliana na alichokiona.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: tochi ndogo, kioo chenye mpini kama kile cha daktari wa meno, bisibisi bapa na ya nyota, rula ya milimita, na kamera ya simu, ambayo ikipenyezwa karibu na tundu la sauti huonyesha maandishi ambayo jicho haliyafikii. Daraja, yaani kipande cha mbao kinachobeba nyuzi juu ya kiwiliwili, halikugundishwa kwenye mandolini nyingi. Limesimama kwa mkazo wa nyuzi tu. Bandika vipande vya utepe wa karatasi pembeni mwa miguu yake kabla ya kulegeza nyuzi, la sivyo litaanguka na mahali pake halisi patapotea, na ala haitakaa sawa tena mpaka lipimwe upya.

Majina ya kale kwenye ala mpya

Desturi ya kuuza ala kwa jina lisilo la mtengenezaji haikuanzia Asia. Kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, viwanda vya Chicago kama Harmony na Regal vilitengeneza mandolini nyingi zilizouzwa kwa majina ya wenye maduka. Kampuni ya Sears, iliyokuwa ikiuza kwa orodha zinazotumwa kwa posta, iliinunua Harmony mwaka 1916, na ala zake zikawafikia wanunuzi kwa majina ya Supertone na baadaye Silvertone. Mnunuzi hakujali, kwa kuwa duka ndilo alilolifahamu.

Mtego wa leo umetokana na yale yaliyofuata. Harmony ilifungwa mwaka 1975 na jina lake likauzwa, kisha likaonekana kwenye ala zilizotengenezwa Asia. Jina la Kay, kiwanda kingine cha Chicago, lilipita njia hiyohiyo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Washburn, jina ambalo zamani lilikuwa la kampuni ya Lyon & Healy ya Chicago, lilifufuliwa katika miaka ya 1970 na kuwekwa kwenye ala kutoka Japani. Mtu anayesoma jina la namna hiyo kisha akatafuta historia yake atakutana na habari za kweli kuhusu kiwanda cha Marekani, naye ataamini kwamba ala aliyoishika ni sehemu ya historia hiyo. Swali la kuuliza, basi, ni hili: jina hili lilikuwa mali ya nani katika mwaka ambao ala hii ilitengenezwa? Mwaka huo utajulikana kwa njia nyingine, na njia iliyo fupi kuliko zote ni alama ya nchi.

Alama ya nchi na tarehe zake

Uingereza ilitunga sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887, na Marekani ikafuata kwa sheria ya ushuru ya mwaka 1890, ambayo utekelezaji wake ulianza Machi 1891 na ambayo ilitaka bidhaa kutoka nje zionyeshe nchi zilikotoka. Ala iliyovuka bahari kwenda katika masoko hayo baada ya hapo ilipaswa kuwa na alama, na kwa kuwa majina ya nchi yamebadilika kwa vita na mikataba, alama hiyo hutaja mahali na wakati kwa pamoja.

Tazama ndani kupitia tundu la sauti, nyuma ya kichwa, chini ya kifuniko cha kishikio cha nyuzi, kwenye kitako cha kiwiliwili, na ndani ya kasha kama ni la tangu mwanzo. Neno "Nippon" kwenye bidhaa iliyopelekwa Marekani huashiria kipindi cha kabla ya 1921, kwa sababu mwaka huo forodha ya nchi hiyo iliamua kwamba neno linalotakiwa ni "Japan". Maneno "Made in Occupied Japan" yanaingia katika miaka ya 1947 hadi 1952 tu. "Germany" pamoja na "U.S. Zone" ni ya miaka ya mwanzo baada ya vita, "West Germany" au "Western Germany" haiwezi kutangulia 1949 wala kuzidi 1990, na ndivyo ilivyo kwa "GDR", yaani Ujerumani Mashariki. "Czechoslovakia" ilizaliwa mwaka 1918 na kukoma mwishoni mwa 1992, ingawa kati yake ipo miaka ya vita ambayo dola hiyo haikuwapo.

Kukosekana kwa alama hakuthibitishi kwamba ala ilitengenezwa palepale ilipouzwa. Kanuni za Marekani zinataka alama imfikie mnunuzi wa mwisho, lakini haziikatazi stika, na stika hubanduka, au hubanduliwa na mtu mwenye sababu zake. Inamisha ala kwenye mwanga wa pembeni, utazame nyuma ya kichwa: mara nyingine utaona mstatili mdogo ambao vanishi yake haikupauka kama ile inayouzunguka, au mabaki ya gundi yanayoshika vumbi. Stika ilikuwapo, na ala ilitoka nje.

Ukingo wa tundu la sauti

Hapa ndipo panapostahili muda wako kuliko mahali pengine popote. Shika tochi karibu na ukingo wa tundu la sauti, uangalie unene wa ubao pale ulipokatwa. Kama ubao ni mzima, mistari ya mbao inayoonekana juu itateremka kwenye ukingo na kuendelea upande wa ndani bila kukatika. Kama ni plaiwudi, utaona matabaka, kwa kawaida matatu, na lile la katikati likiwa na rangi tofauti au nyuzi za mbao zinazokwenda upande mwingine. Watengenezaji hulijua jambo hili, na baadhi yao hupaka ukingo rangi nyeusi. Basi tafuta sehemu ambayo rangi haikufika, hasa kwenye ncha nyembamba za matundu yenye umbo la herufi f, au linganisha mistari ya juu na ile ya ndani kwa kutumia kioo. Mistari isipolingana, mbao nzuri unayoiona juu ni tabaka jembamba tu la plaiwudi.

Ubao mzima nao ni wa aina mbili. Ule uliochongwa huwa mnene katikati na hupungua kuelekea pembeni, na huenda ukaacha alama za patasi au za mashine upande wa ndani. Ule uliokunjwa kwa joto na shinikizo una unene uleule kila mahali. Maneno "ubao mzima" katika tangazo la mauzo hayatofautishi hivi viwili, na tofauti ya gharama kati yake ni kubwa. Plaiwudi peke yake haitaji nchi, kwa kuwa imetumika kote, ila hukuambia ala iliagizwa kwa daraja gani la bei, na hilo hupunguza orodha ya wanaoshukiwa.

Ukiwa bado na kioo mkononi, tazama mgongo wa shingo. Mstari wa kiungio unaokatiza shingo chini kidogo ya kichwa, pamoja na kisigino kilichojengwa kwa vipande vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ni dalili ya uzalishaji mkubwa unaobania mbao, na umeonekana sana kwenye ala za Asia za miongo ya karibuni. Vanishi nzito ya rangi huweza kuuficha mstari huo, ukucha huugundua.

Kulinganisha na maeneo yanayojulikana

Mandolini yenye mgongo wa mbavu, yaani vipande virefu vya mbao vilivyounganishwa kandokando, uliovimba kama nusu ya pea, kwa kawaida ni mfano wa Napoli, Italia. Hata hivyo, nyingi za bei nafuu zilizosafirishwa mwanzoni mwa karne ya 20 zilitoka Catania, katika Sisilia, na nyingine zilitoka Ujerumani, nchi iliyoiga kila umbo lililokuwa na soko. Mbavu chache na pana, pambo lililobandikwa kama picha badala ya kupachikwa kwenye mbao, na nyufa kati ya mbavu ni dalili za ala ya biashara, hata kama lebo ina medali nyingi za maonyesho. Lebo zenye medali zilichapishwa kwa wingi kuliko medali zenyewe.

Ala za mgongo bapa au uliopinda kidogo, zenye freti ya sifuri (kijiti cha chuma cha ziada kwenye ubao wa vidole) mbele ya kizingiti cha nyuzi, hunielekeza kwanza kwenye eneo la mpaka wa Saksonia, Ujerumani, na Bohemia, ambayo leo iko Jamhuri ya Czech. Markneukirchen na Klingenthal upande mmoja, na Schönbach, ambayo leo ni Luby, upande wa pili, zilikuwa na mafundi waliofanya kazi majumbani: huyu shingo, yule mbavu, mwingine vikazio, kisha mfanyabiashara akakusanya na kutia jina lolote aliloombwa. Kumtafuta mtengenezaji mmoja wa ala ya namna hiyo ni kazi bure, maana hakuwapo. Baada ya 1945 mafundi Wajerumani wa Schönbach walifukuzwa, na wengi wao wakahamia Bubenreuth huko Bavaria. Kazi iliendelea pande zote: kampuni ya Framus kule magharibi, kampuni ya Musima huko Markneukirchen chini ya serikali ya Ujerumani Mashariki, na shirika la umma huko Luby. Hivyo ala mbili zinazofanana sana zinaweza kuwa zimetoka katika nchi mbili zilizokuwa hazielewani. Romania nayo ina mji wa Reghin, ambako kampuni ya Hora imekuwa ikitengeneza ala tangu 1951.

Zile zinazofuata maumbo ya Gibson, kampuni ya ala ya Marekani, yaani A lenye sura ya tone na F lenye kikunjo begani, zina historia nyingine. Nakala nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitoka Japani. Makubaliano ya Plaza ya mwaka 1985, ya nchi tajiri kuhusu thamani ya sarafu zao, yalipoipandisha thamani ya yeni, Japani ilikuwa ghali, na oda zikahamia Korea Kusini; mishahara ilipopanda huko, zikahamia China na Indonesia, ambako hata Samick ya Korea ilifungua kiwanda. Kentucky, chapa ya mwagizaji wa California aitwaye Saga, imepita Japani, Korea na China ikiwa na jina lilelile, na kwa hiyo swali "Kentucky zinatengenezwa wapi?" halina jibu mpaka utaje mwaka. Isieleweke kwamba kila ala ya China imebandikwa jina la mtu mwingine: Eastman, kwa mfano, ina karakana yake Beijing na huuza kwa jina lake.

Chuma na vanishi

Sehemu za chuma hununuliwa kwa jumla, nazo hubadilishwa zikiharibika, hivyo zitumie kupinga dai kuliko kulithibitisha. Skrubu za nyota zilipata hataza katika miaka ya 1930. Ala inayodaiwa kuwa ya mwaka 1910 na ina skrubu hizo ama imetengenezwa upya ama haikutengenezwa wakati huo. Matundu ya zamani yaliyozibwa kando ya vikazio yanaonyesha kwamba vilivyopo si vya kwanza. Vanishi nene inayong'aa kama kioo kilichomiminwa, isiyo na mikwaruzo midogo ya umri, ni ya plastiki na haiendani na madai ya kale.

Ubao wa vidole pia hutoa tarehe, japo kwa mbali. Tangu 2 Januari 2017 mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliziweka chini ya udhibiti mbao za jamii nzima ya Dalbergia, ambayo mpingo nao umo, na masharti hayo hayakuondolewa kwa ala zilizokamilika hadi Novemba 2019. Katika kipindi hicho waagizaji wengi waliamuru mbao nyingine zitumike, na baadhi hawakurudi nyuma. Mifano miwili ya jina moja inayotofautiana kwenye ubao wa vidole tu huenda imetenganishwa na jambo hilo.

Namba na nyaraka

Namba ya utambulisho ina maana pale tu unapojua ni nani aliyeitunga. Kwenye ala za chapa ya Epiphone zilizotengenezwa Korea, herufi S mwanzoni iliashiria kiwanda cha Samick. Mwagizaji mwingine anaweza kutumia herufi hiyohiyo kwa maana yake mwenyewe au bila maana yoyote. Msimbopau kwenye boksi hausaidii kama wengi wanavyodhani: tarakimu zake za mwanzo huonyesha mahali kampuni iliposajili msimbo, wala hazisemi chochote kuhusu mahali bidhaa ilipotengenezwa.

Nyaraka zenye nguvu kweli ni za meli. Taarifa za shehena zinazoingia Marekani kwa bahari ni za wazi, isipokuwa mwagizaji akiomba zifichwe, na zipo huduma zinazoziweka mtandaoni. Tafuta jina la kampuni inayomiliki chapa, uone ni kiwanda kipi kilichompelekea ala na kwa mwezi gani. Ukilipata jina la kiwanda, ligeuze utafutaji: ni waagizaji gani wengine wanaopokea mzigo kutoka hapo? Mara nyingi utakutana na mandolini yako ikiwa na jina lingine kichwani.

Unapoandika matokeo, hasa kwa ajili ya kuuza, tenganisha ulichokisoma na ulichokikisia. "Japani, alama ipo ndani, yaelekea miaka ya 1970, plaiwudi, kiwanda hakijathibitishwa" ni maelezo yanayomtosha mnunuzi makini. Kutaja kiwanda kwa sababu tu kichwa cha ala kinafanana na cha nyingine uliyoiona ni kosa, kwa kuwa viwanda viliigana maumbo kwa makusudi, na mwagizaji ndiye aliyewapelekea mchoro.