Leseni za laibrari ndani ya plagini yako: zipi zakaa pamoja, zipi zagombana

Kama watengeneza plagini (viongezi) za WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, hapa Mombasa, iwe ya buking za gesti kule Nyali ama ya duka linalopokea M-Pesa, zipu unayompa mteja ina msimbo wako kidogo na laibrari (misimbo iliyokwisha andikwa) za watu tele, na kila moja imekuja na leseni yake.

Hatua ya 1: anza na mwenye nyumba. WordPress yenyewe iko chini ya GPL, leseni huria inayotaka unachokijenga juu yake na kukigawa kiwe GPL pia, toleo la 2 "au la baadaye", na hayo maneno ya mwisho usiyapite mbio, utayahitaji huko mbele. Ukitaka plagini iingie kwenye orodha yao rasmi, kila kilichomo lazima kipatane na GPL, hadi picha.

Hatua ya 2: fungua folda ya vendor, zinamokaa hizo laibrari, ujionee mwenyewe. Wenye Composer, chombo cha kuletea laibrari za PHP, andikeni `composer licenses`, itawatolea zote, hata zile ambazo hukuziita wewe zimeburutwa na zengine. Ukikuta kitu hakina leseni kabisa kiwache, kule kuwekwa wazi GitHub si ruhusa, haki zote bado za mwenyewe.

Hatua ya 3, na hapa ndipo penye kazi: zipambanishe. Leseni za MIT na BSD ya vifungu 3 hazina noma, zaingia popote. Apache 2.0 ndiyo ya kuangaliwa, yapatana na GPL 3 ya 2007 lakini na GPL 2 hapana, kwa sababu ina masharti ya hataza (patent) ambayo GPL 2 yayahesabu kuwa vikwazo vya ziada. Sasa chukua plagini ya gesti: risiti za PDF umetumia mPDF, na buking wazipeleka Google Calendar kwa laibrari ya Google ya PHP. Ile ya Google ni Apache 2.0, mPDF ni GPL 2 peke yake, hakuna "au la baadaye", basi hizo mbili ndani ya zipu moja haziendi hata ufanyeje. Mimi ningetoa mPDF niweke Dompdf, hiyo ni LGPL 2.1, ndugu mpole wa GPL, na yenyewe yaruhusu kugeuzwa GPL ya toleo lolote la baadaye, halafu plagini nzima naitoa kwa GPL 3, na WordPress haikatai kwa sababu ya yale maneno niliyokwambia usiyapite.

Ikoni na fonti: Font Awesome ya bure iko sawa. Picha ya Fort Jesus yenye leseni ya CC BY-NC (isiyoruhusu biashara) usiitie, GPL haijui "marufuku biashara".

Na wale wauliza kila siku ati GPL yakataza kuuza, haikatazi, uza upendavyo, ila ukishamkabidhi mteja zipu ana haki ya msimbo wote na aweza kumpa jirani yake. Bei weka kwenye kazi na matengenezo.

Hatua ya 4: juu ya faili kuu andika `License: GPL-3.0-or-later`, tia na maandishi kamili ya leseni. Unapopunguza vendor ili zipu iwe nyepesi futa majaribio na mifano, lakini faili za LICENSE na NOTICE usiziguse, maana hata MIT, pamoja na upole wake, yataka jina la mwenyewe libaki.