Faili lipakuliwe kwa jina lake, si "pakua.php"

Kivinjari kisipoambiwa jina la faili, huchukua kipande cha mwisho cha anwani. Ndiyo maana mtu anabonyeza ripoti, anapata "pakua.php". Dawa ni heda (mstari wa maelezo ambao seva hutuma pamoja na faili) ya Content-Disposition, na iandike kwa namna mbili ndani ya mstari mmoja:

Content-Disposition: attachment; filename="Orodha ya ngombe.pdf"; filename*=UTF-8''Orodha%20ya%20ng%27ombe.pdf

Ya kwanza ni akiba ya programu za zamani: herufi za ASCII tu (herufi, tarakimu na alama za msingi za Kiingereza), tena ndani ya alama za kunukuu, la sivyo jina laweza kukatwa kwenye nafasi ya kwanza. Ya pili, yenye nyota, haiwekewi alama hizo, na vivinjari vya sasa huipa kipaumbele.

Sisi wa ng' tuna mtego wetu. Alama ya ' kwenye filename* ni kitenganishi, kwa hiyo ndani ya jina lazima iwe %27. Kwenye PHP, rawurlencode hufanya kazi hiyo. Urlencode usiiguse, itageuza nafasi kuwa "+". Kwenye JavaScript, encodeURIComponent huiacha ' pamoja na mabano na nyota, kwa hiyo vibadilishe mwenyewe.

Jina likitoka kwa mtumiaji, ondoa kwanza mikwaju (/ na \), alama za kunukuu na alama za mstari mpya.

Ukipakua kwa fetch ya JavaScript kutoka kikoa kingine, seva iongeze Access-Control-Expose-Headers: Content-Disposition. Bila hiyo, msimbo wako hauoni jina hata likiwa limetumwa sawasawa.