SOMO: Tetra wako (wale samaki wadogo wa mapambo) wanakufa ndani ya wiki moja? Soma kwanza

Wakuu, meseji za "neoni wangu wamekufa wote, tatizo nini" zimenichosha (neoni ni aina ya tetra). Naandika mara moja.

1. Tangi la lita 60 kwenda juu.
2. Osha changarawe, bila sabuni.
3. Maji ya bomba yakae wazi ndooni siku nzima, au tumia dawa ya kuondoa klorini.
4. Komaza tangi. Hapa ndipo nilipochemka. Maji yalikuwa yanang'aa, nikaweka neoni kumi na wawili siku ileile. Siku ya nne walibaki wawili. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, na huioni kwa macho. Bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye sponji ya filta. Kwa hiyo washa filta, tupia punje chache za chakula kila siku tangi likiwa na maji bila samaki, na upime. Amonia na nitriti zikipanda kisha zikarudi sifuri, kanunue samaki. ONYO: usioshe sponji kwa maji ya bomba, tumia maji uliyochota tangini. ONYO tena: usizime filta usiku eti unaokoa LUKU.
5. Acha mfuko wa samaki uelee tangini dakika 20, ongeza ndani yake maji ya tangi kidogo kidogo. Maji ya dukani mwaga.
6. Weka sita au zaidi. Tetra ni wa kundi.

MASWALI

– Mkuu, nikiwa na pampu kali siwezi kuweka siku hiyohiyo?
– Hatua ya 4.
– Ila muuzaji kasema inawezekana.
– Wakifa utanunua kwa nani?

– Kaka, nikiwasha taa usiku nawakuta wamepauka, baadaye rangi inarudi. Ni ugonjwa?
– Swali zuri dada. Ule mstari wa buluu unatokana na fuwele ndogo ndani ya ngozi zinazoakisi mwanga, gizani hufifia. Ukiona doa jeupe lisiloondoka mchana, mtenge huyo haraka.

– Niko Dar, Februari maji yanafika 30.
– Neoni anapenda 21 hadi 25. Chukua kardinali, tetra wa mto Rio Negro, anavumilia joto zaidi. Utamjua: wekundu wake unatoka kichwani hadi mkiani, wa neoni unaanzia katikati ya mwili.

– Afrika hatuna tetra?
– Wapo! Tetra wa Kongo, dume lina mapezi kama shela. Ila anafika sentimita 8, tafuta tangi refu.

– Nyongeza toka Tanga: mimi naweka majani ya mkungu, maji yanakuwa rangi ya chai na samaki wametulia.
– Kweli kabisa, mito yao mingi ina maji meusi ya majani. Yawe makavu, yaliyodondoka yenyewe, uyaoshe.
– Na kungu zake?
– Kungu kula wewe.