Sera za uhasibu na kodi za REIT ya Marekani: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa mhasibu wa Lubumbashi

Mhasibu wa Lubumbashi aliyezoea SYSCOHADA, mfumo wa uhasibu uliotufikia baada ya nchi yetu kujiunga na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika yenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012, hana sababu ya kuziogopa hesabu za REIT, yaani mfuko wa pamoja unaomiliki majengo na kugawa mapato yake kwa wanahisa. Huenda anaandaa hesabu hizo kwa mbali, au anazisoma kwa niaba ya mteja aliyenunua hisa. Kinachomkwamisha ni mazoea ya kudhani kwamba faida ya vitabu hugeuka kuwa faida ya kodi, yaani ile inayotozwa kodi, kwa marekebisho machache ya mwisho wa mwaka. Katika REIT, tofauti kati ya faida hizo mbili ndiyo inayoathiri kiasi cha gawio, na gawio ndilo linaloamua ni kodi kiasi gani itakayolipwa na mfuko wenyewe. Kwa hiyo nashauri kila sera ya uhasibu iandikwe pamoja na matokeo yake ya kikodi, bega kwa bega, tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 1: Thibitisha kanuni zinazotumika

Kanuni za Marekani, US GAAP, huacha majengo katika gharama ya ununuzi baada ya kuondoa uchakavu, hata kama bei ya soko imepanda mara mbili. Kanuni za kimataifa, kupitia IAS 40, humruhusu mwenye majengo ya kupangisha achague kati ya gharama na thamani ya soko, na akichagua thamani ya soko hapigi uchakavu, bali mabadiliko ya thamani huingia moja kwa moja katika faida au hasara. SYSCOHADA nayo huanza na gharama, kwa hiyo US GAAP haitakuwa ngeni kwako. Kulinganisha faida ya mfuko wa Marekani na ya mfuko unaofuata IAS 40 bila marekebisho ni kazi bure.

Hatua ya 2: Gawanya bei ya ununuzi

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Tuseme mfuko umenunua jengo la maduka kwa dola 10,000,000. Kwa US GAAP bei hiyo haiingii katika mstari mmoja wa mizania, kwa sababu ardhi, jengo na mikataba ya upangaji iliyokwisha kuwapo hutenganishwa. Gharama za kukamilisha ununuzi huongezwa katika bei ikiwa muamala ni ununuzi wa mali na si wa biashara, na tangu kanuni ziliporekebishwa mwaka 2017, manunuzi mengi ya majengo huangukia upande huo. Kwa urahisi tuchukulie kwamba gharama hizo zimo tayari katika bei.

Mthamini anatoa dola 2,200,000 kwa ardhi, 7,605,000 kwa jengo na 195,000 kwa mikataba, ambayo imebakiza miaka 5. Ardhi haichakai. Sera ikilipatia jengo maisha ya miaka 39, uchakavu wa vitabu ni dola 195,000 kwa mwaka, na thamani ya mikataba inapunguzwa kwa dola 39,000 kwa mwaka. Jumla ni 234,000.

Sheria ya kodi ya Marekani haikubali mgawanyo huo wote. Mkataba wa upangaji ulionunuliwa pamoja na jengo huhesabiwa kuwa sehemu ya jengo, na jengo la biashara huchakaa kwa miaka 39 kwa viwango sawa, wakati lile la makazi huchakaa kwa miaka 27.5. Basi dola 7,800,000 zinagawanywa kwa 39 na kutoa 200,000 kwa mwaka mzima. Kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, faida ya kodi itazidi faida ya vitabu kwa dola 34,000. Atakayekokotoa gawio la chini, yaani asilimia 90 ya mapato yanayotozwa kodi (tazama Hatua ya 5), kutokana na faida ya vitabu atapungukiwa na asilimia 90 ya tofauti hiyo, yaani dola 30,600, kwa jengo moja tu.

Hatua ya 3: Andika sera ya pango

Kwa mikataba ya kawaida ya upangaji, pango linalopanda kwa viwango vilivyokubaliwa husawazishwa katika muda wote wa mkataba. Chukua mkataba wa miaka 3 wenye pango la dola 1,000 kwa mwezi mwaka wa kwanza, 1,100 wa pili na 1,200 wa tatu. Vitabu vitaonyesha 13,200 kila mwaka. Mwaka wa kwanza mpangaji analipa 12,000, na 1,200 zinazobaki huandikwa upande wa mali katika mizania, kama dai la mfuko kwa mpangaji. Kwa kodi, mkataba mdogo kama huu kwa kawaida hufuata pango linalodaiwa mwaka husika, ila mikataba ambayo malipo yake yote yanazidi dola 250,000 ina kanuni zake za pekee na lazima uichunguze mmoja mmoja.

Angalia kwamba safari hii tofauti inaelekea upande wa pili, kwa kuwa vitabu vimetangulia na kodi inafuata nyuma. Usizifute tofauti hizi mbili moja kwa nyingine kwenye karatasi ya kazi. Zitageuka katika miaka tofauti, na atakayerithi faili lako hataelewa chochote.

Garanti ya mpangaji inayopaswa kurudishwa ni deni la mfuko wala si mapato, jambo tunalolijua vizuri kwa hesabu 165 ya SYSCOHADA, ile ya amana na dhamana zilizopokewa.

Hatua ya 4: Kupungua kwa thamani

Chini ya US GAAP, dalili ya hasara ikionekana, kwanza linganisha thamani ya vitabu na jumla ya fedha zinazotarajiwa kutoka katika jengo, bila kuzipunguza kwa riba. Thamani ya vitabu ikizidi jumla hiyo, ndipo unaishusha hadi thamani ya soko. Kwa kodi, punguzo hilo la vitabu halihesabiwi hadi jengo litakapouzwa au kuharibika.

Hatua ya 5: Pima masharti ya kikodi kwa kalenda

REIT za Marekani zilizaliwa kwa sheria ya 1960. Mfuko hugawa angalau asilimia 90 ya mapato yake yanayotozwa kodi, bila kuhesabu faida ya mtaji, na hupunguza magawio hayo kutoka katika mapato. Kinachobaki hutozwa asilimia 21. Angalau asilimia 75 ya mali, ikipimwa mwishoni mwa kila robo mwaka, iwe majengo, mikopo yenye rehani ya majengo, fedha taslimu au dhamana za serikali. Asilimia 75 ya mapato ghafi itoke katika majengo, na asilimia 95 itoke huko pamoja na riba na magawio. Baada ya mwaka wa kwanza, mfuko unahitaji wanahisa wasiopungua 100, na watu binafsi watano au pungufu wasimiliki zaidi ya nusu ya hisa katika nusu ya pili ya mwaka.

Gawio lililotangazwa kati ya Oktoba na Desemba, kwa wanahisa walioandikishwa katika miezi hiyo, na kulipwa Januari huhesabiwa kuwa la 31 Desemba. Andika sharti hili katika kalenda ya bodi, kwa sababu ndilo linaloipa idara ya hesabu nafasi ya kupumua.

Hatua ya 6: Andika dokezo lenyewe

Kwa dokezo la sera linaloambatana na hesabu za mwaka, sentensi fupi zinatosha: "Mfuko umechagua kutozwa kodi kama REIT. Majengo yanaonyeshwa kwa gharama baada ya kuondoa uchakavu uliolimbikizwa, unaokokotolewa kwa viwango sawa katika miaka 39. Mapato ya pango yanasawazishwa katika muda wa mkataba. Mapato yanayotozwa kodi hutofautiana na faida ya vitabu, hasa kwa sababu ya uchakavu, mikataba iliyonunuliwa na usawazishaji wa pango." Madokezo mengi husema tu kwamba uongozi unaamini umetimiza masharti. Mimi huomba karatasi ya vipimo vya robo nne kabla ya kuikubali sentensi hiyo.

Hatua ya 7: Mwanahisa aliye Lubumbashi

Wamiliki wa nyumba hapa wamezoea kodi ya mapato ya pango, ambayo Katiba ya 2006 imeiweka chini ya mikoa. Gawio la REIT hufuata njia nyingine. Marekani na Kongo hazina mkataba wa kuepusha kutozwa kodi mara mbili, kwa hiyo gawio la kawaida huzuiliwa asilimia 30 huko huko, na fomu W-8BEN ya mteja binafsi inathibitisha ugeni wake bila kupunguza kiwango hicho. Mteja akiwa kampuni, andika gawio ghafi katika hesabu za kundi la 77 (mapato ya kifedha) na zuio kando yake, usiandike kiasi kilichoingia benki pekee. Mwisho wa mwaka wa kodi, dai fomu 1042-S, inayoonyesha mapato na kodi iliyozuiliwa Marekani, kisha linganisha kodi iliyozuiliwa na taarifa za wakala wa hisa, gawio kwa gawio.