Somo: gesi ya argon kwa fundi wa kuchomelea, inavyofanya kazi na inavyoweza kukuua bila harufu

Habari zenu mafundi. Tangu watu waanze kununua mashine za TIG (zile za kuchomelea kwa ncha ya tangisteni huku argon ikifunika mshono) naulizwa kila siku geji ya gesi iwekwe ngapi, ila hakuna anayeuliza kuhusu kichwa chake kikiwa ndani ya tanki, sasa leo naanzia hapo hapo.

Nilikuwa nachomelea tanki la maziwa la stenlesi, tumeingiza mpira wa argon ndani ili mshono usiwe mweusi upande wa pili. Tukamaliza, kijana wangu akainama kwenye mdomo wa tanki, kichwa na mabega ndani, anafuta mshono kwa kitambaa. Mimi nakunja waya. Nikasikia kitambaa hakisugui tena, kugeuka naona magoti yake yamelegea, visigino vimepinda kwa nje, nikamvuta kwa mkanda wa suruali. Alipozinduka akauliza "kwani nimefanyaje?" Hakukohoa, hakubanwa kifua, hakusikia harufu yoyote. Tulimpeleka hospitali akapona, na mimi usiku ule sikulala.

Sababu ni hii. Kinachokufanya uhisi kubanwa pumzi ni kabonidayoksaidi kujaa mwilini, siyo oksijeni kupungua. Ukivuta argon unaendelea kuitoa ile kabonidayoksaidi kama kawaida, kwa hiyo mwili haukushtui, unazima tu. Argon siyo sumu, ila inakaa mahali pa hewa, na ni nzito kuliko hewa karibu mara 1.4 kwa hiyo inatuama chini kama maji, kwenye tanki, shimo, chemba.

Ni gesi isiyoungana na kitu, hata jina lake ni la Kigiriki lenye maana ya mvivu, wanasayansi Rayleigh na Ramsay waliitambua Uingereza mwaka 1894. Imo kwenye hewa tunayovuta, karibu asilimia 0.93, viwandani wanapoza hewa mpaka iwe kimiminika halafu wanaitenga. Na ndiyo hiyo hiyo inayozaliwa polepole ndani ya mawe kutoka kwenye potasiamu, mwaka 1961 wataalamu waliipima kwenye majivu ya volkano pale Olduvai wakapata umri wa majivu hayo, miaka kama milioni 1.75. Kwetu sisi kazi yake ni kufukuza hewa isiguse chuma kilichoyeyuka.

Hatua sasa:

1. Mtungi usimame wima na ufungwe mnyororo. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa mgandamizo wa bar 200 una gesi kama lita 10,000, valvu ikikatika unaruka na kutoboa ukuta.

2. Kabla ya kufunga geji fungua valvu kidogo itoe vumbi, usisimame mbele yake. Ukishafunga paka maji ya sabuni kwenye maungio, povu likitokea panavuja.

3. Weka lita 6 hadi 10 kwa dakika. Ukizidisha gesi inazunguka na kuvuta hewa ndani, mshono unatoboka vishimo na hela inapotea.

4. Ukiachia swichi usiondoe tochi, acha gesi itoke sekunde kadhaa tangisteni ipoe.

5. Ukienda kula funga valvu ya mtungi kabisa, na mpira usiuache ndani ya tanki.

6. Kuingia tanki: fungua midomo yote, feni isukume hewa safi mpaka chini, pima oksijeni kwa kipimo chake. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, chini ya 19.5 usiingie. Mtu abaki nje, na wewe uwe umefungwa kamba.

MASWALI

Mkuu, sisi mzee wetu anashusha mshumaa, ukiwaka anaingia. Ni sawa?
Hapana kaka. Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka wakati oksijeni imeshashuka chini ya 19.5, na tanki likiwa na mvuke wa petroli ndo umejilipua. Kipimo ni bei lakini changeni hata mafundi wanne.

Nikivaa barakoa ya vichujio je?
Haisaidii hata kidogo. Kichujio kinachuja kilichopo, hakitengenezi oksijeni.

Argon imepanda sana, naweza kutumia gesi ya kabonidayoksaidi kwenye TIG?
Tangisteni itaungua papo hapo. Hiyo ni ya MIG (mashine ya waya unaoyeyuka) kwenye chuma cha kawaida, TIG hapana.

Karakana yangu haina kuta, bado niogope?
Hapo nje gesi inasambaa, shida yako ni upepo kuifukuza kwenye mshono, weka kizuizi. Ila tanki ni tanki hata likiwa katikati ya uwanja.

Mwenzangu akianguka ndani nifanyeje, nimrukie?
Usimfuate, fundi, wengi hufa wawili wawili hivyo hivyo. Mvute kwa ile kamba, kama hana kamba elekeza feni ndani na piga kelele watu waje, akitoka nje kama hapumui mpulizie pumzi huku mwingine anatafuta gari.