Kuangusha mti kwa chensoo: anza na misindano iliyonyooka, na kila ukiangusha soma kisiki

Wakulima wengi wa Mufindi, Njombe, Makete na Kilolo waliopanda misindano na milingoti (mikaratusi) sasa wanavuna, na wengi wameamua kununua chensoo, yaani msumeno wa mnyororo, wao wenyewe badala ya kumsubiri mkataji. Si uamuzi mbaya. Tatizo ni namna kijana anavyokabidhiwa kazi: anaoneshwa kuchanganya mafuta, anaoneshwa kuvuta kamba mpaka injini iwake, halafu anapelekwa shambani. Kuwasha chensoo ni jambo la asubuhi moja. Kuangusha mti ni ufundi mwingine kabisa, na ndipo watu wanapopoteza miguu na uhai.

Anayetaka kujifunza ipasavyo atafute mafunzo. Chuo cha Viwanda vya Misitu kipo Moshi, na Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, jirani kabisa na Shamba la Miti Sao Hill. Ukishindwa kufika huko, muombe mkataji mzoefu akusimamie, ila kwanza angalia visiki anavyoacha. Sababu nitaieleza mbele.

Kabla ya kugusa mti, kuna mambo ya mashine na mavazi. Kofia ngumu yenye kioo cha wavu na viziba masikio si pambo. Sauti ya chensoo inapita desibeli 100, na masikio yakishaharibika hayarudi. Suruali ya mkataji ina nyuzi ndefu ndani yake: mnyororo ukigusa kitambaa, nyuzi hizo hutoka na kuusimamisha kabla haujafika kwenye nyama. Bei yake inaumiza, najua, lakini ndiyo kitu cha kwanza cha kununua baada ya mashine yenyewe. Gambuti za kawaida hazitoshi. Vaa buti lenye chuma mbele na soli inayoshika, hasa kwenye miteremko yetu yenye utelezi.

Petroli huchanganywa na oili ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili. Kwa oili nzuri ya chensoo kipimo cha kawaida ni 50 kwa 1, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, ila fuata kitabu cha mashine yako. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari isiwekwe kwenye tangi la kulainisha mnyororo. Inaziba pampu, na inakurukia mwilini siku nzima ikiwa na sumu inayoweza kuleta saratani ya ngozi. Jaza mafuta injini ikiwa imepoa, kisha sogea angalau mita 3 kutoka ulipojazia ndipo uwashe. Washa mashine ikiwa chini, breki ya mnyororo imefungwa, mguu wa kulia umekanyaga mpini wa nyuma. Wale wanaoiwasha huku wanaidondosha hewani kwa mkono mmoja, usiwaige.

Mnyororo mkali hutoa vipande vya mbao. Ukiona unga, umekuwa butu: simama unoe, kwa sababu mnyororo butu hukulazimisha kusukuma, na anayesukuma hupoteza mizani. Tena jihadhari na ncha ya juu ya baa, ile bapa ya chuma inayobeba mnyororo. Sehemu hiyo ikigusa gogo au tawi, mashine hurudi nyuma kwa ghafla kuelekea uso wako, kwa kasi usiyoweza kuizuia. Dawa yake ni mkono wa kushoto kuzungusha kidole gumba chini ya mpini wa mbele, kiwiko kunyooka kiasi, na kutosimama usawa wa mnyororo.

Sasa njoo kwenye mti. Usianze kukata. Zunguka shina lote ukiangalia juu. Unatafuta matawi makavu yaliyonasa, upande wenye matawi mengi, mti unakoegemea, na upepo. Nyanda zetu zina upepo wa mchana unaobadilika, kwa hiyo kazi ya kuangusha ifanyike asubuhi. Ukuni mkavu unaoanguka kutoka juu huua hata kabla mti wenyewe haujaondoka. Kisha amua utaanguka wapi, na ufyeke njia mbili za kukimbilia, kila moja ikielekea nyuma kwa mshazari, kulia na kushoto. Moja kwa moja nyuma ya mti si salama, kwani shina huweza kurudi. Watu wengine wote wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti: mti wa mita 20, mita 40 pande zote. Hapa ndipo wenye mashamba madogo tunapokosea zaidi, maana mke yupo anaokota matawi, watoto wamekuja na uji, na jirani anapita na ng'ombe. Mwachie mtu mmoja kazi ya kulinda njia, asiwe na kazi nyingine.

Mkato wa kwanza ni mdomo, upande mti utakakoangukia. Kata kutoka juu kwa mshazari wa nyuzi kama 60 hadi 70, kisha kata kutoka chini ukiwa mlalo, mikato ikutane mahali pamoja bila kupitana. Kina chake kiwe kati ya sehemu moja ya tano na moja ya nne ya unene wa shina. Kwa msindano wa sentimita 30 hiyo ni sentimita 6 hadi 7 na nusu.

Baada ya hapo unakwenda nyuma ya mti na kukata kuelekea mdomo, sentimita 2 au 3 juu ya kona yake, pale mikato miwili ilipokutana. Lakini huufikii mdomo. Unaacha ukanda wa mti usiokatwa, wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya shina. Kwa msindano wetu ni sentimita 3 tu. Ukanda huo ndio bawaba. Hufanya kazi ya bawaba ya mlango: unaushika mti kwenye kisiki na kuufanya uzunguke upande mmoja tu. Mkataji anayekata bawaba yote kwa haraka ya kumaliza ameuachia mti uende unakotaka wenyewe.

Mara tu unapopata nafasi nyuma ya baa, gonga kabari. Iwe ya plastiki, alumini au mti mgumu, kamwe isiwe ya chuma, kwani mnyororo ukiigusa hukatika na vipande kuruka. Mti ukianza kusogea, toa mashine, fuata njia uliyofyeka, na macho yabaki juu mpaka matawi ya miti jirani yatulie.

Mti ukishalala, mafunzo yako hasa ndiyo yanaanza. Rudi kwenye kisiki, uinamie. Bawaba ikiwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, mti ulivutwa kuelekea ule mnene. Linganisha na pale ulipolala utaona. Ukikuta hakuna bawaba kabisa, mti ulianguka vizuri kwa bahati. Ukikuta mikato ya mdomo imepitana, ujue mdomo ulijifunga mapema na kuivunja bawaba kabla ya wakati. Mkato wa nyuma ukiwa chini ya kona ya mdomo, shina lingeweza kuteleza nyuma kukufuata. Na nyuzi ndefu zilizong'oka katikati ya gogo zinasema bawaba ilikuwa nene mno. Hapo umeharibu futi za mwanzo za mbao, ambazo ndizo zenye bei. Pima kwa rula, andika kwenye daftari, kisha nenda mti unaofuata ukiwa na jambo moja tu la kurekebisha. Ndiyo maana nimesema mkataji hujulikana kwa visiki vyake: havisifii mtu wala havimwonei.

Fanya hivyo kwa misindano iliyonyooka, isiyozidi urefu wa baa yako kwa unene, mpaka bawaba itoke sawa mti baada ya mti. Hata kabla ya hapo unaweza kufanyia mazoezi ya mdomo na mkato wa nyuma kwenye visiki virefu vilivyoachwa na wengine. Milingoti isubiri.

Mlingoti una mvutano mkubwa ndani ya shina lake, na ukiwa umeegemea mbele hatari inaongezeka maradufu. Ukikata nyuma kwa njia ya kawaida, shina linaweza kupasuka wima kabla hujafika kwenye bawaba. Nusu ya nyuma huinuka juu na kurusha kisigino chake kwenye kifua cha mkataji. Haitoi muda wa kukimbia. Mti wa namna hiyo hukatwa kwa kutoboa: baada ya mdomo mdogo, baa huingizwa ubavuni mwa shina, ikianza kwa sehemu ya chini ya ncha, ikatokeza upande wa pili, bawaba hupimwa kwanza, kisha mkato hurudi nyuma na kuacha ukanda wa mwisho unaoushika mti. Njia ya kukimbilia ikiwa wazi, ukanda huo ndio unaokatwa mwisho kabisa kutoka nyuma. Usiujaribu kwa kusoma tu. Ufanye mara ya kwanza mwalimu akiwa pembeni yako.

Na mti ukinasa kwenye mwingine? Usipite chini yake, usiukate ule unaoubeba, usipande, wala usiangushie mti wa tatu juu yake. Kama bawaba bado imeshika kidogo, kata pembeni yake kwa uangalifu kisha uuzungushe kwa nguzo ndefu au kamba ukiwa ubavuni, mbali na mahali shina litakapotelezea. Ukigoma, funga kamba kuzunguka eneo lote, waambie majirani na watoto wa nyumbani, na ulete watu wenye vifaa vya kuvuta siku hiyo hiyo. Mti ulionasa usilale shambani bila mtu kujua.