Kumpima Mtumishi Kabla Hujamkabidhi Maisha Yako

Kumpima mtumishi wa Mungu ni agizo la Maandiko. Yohana aliwaandikia Wakristo wa kwanza: "Wapenzi, msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho, kwamba zimetokana na Mungu" (1 Yohana 4:1). Kwa hiyo mshirika anayemuuliza mchungaji wake swali hajaasi, ametii. Tatizo ni kwamba wengi hawajui waanzie wapi, na wakianza, huanzia kwenye miujiza.

Usianzie huko. Kumbukumbu la Torati 13:1-3 inasema wazi kwamba nabii anaweza kutoa ishara, ishara ikatimia kweli, na bado akawa anawapeleka watu kwa miungu mingine. Mtu kuanguka akiombewa, au kutajiwa namba ya nyumba yake mbele ya umati, hakukuambii chochote kuhusu aliyemtuma huyo mhubiri. Vivyo hivyo usimhukumu mtu kwa sababu anapaza sauti, ananena kwa lugha, au anakusanya watu kwenye banda la mabati. Hayo ni mazoea ya ibada. Kinachopimwa ni mafundisho, pesa, mamlaka anayojipa juu ya maisha yako, na namna anavyopokea swali.

Mafundisho: soma sura nzima

Chukua daftari na kalamu. Kila mstari unaotajwa mahubirini, uandike, na pembeni uandike alichosema mhubiri kwamba mstari huo unamaanisha. Ukifika nyumbani fungua sura nzima, si mstari peke yake, kisha jiulize: nani anasema, anamwambia nani, na kabla ya hapo walikuwa wanazungumza nini? Fanya hivyo Jumapili nne mfululizo. Mara moja haitoshi, kwa sababu hata mwalimu mwema ana siku yake mbaya.

Chukua Luka 6:38, "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa", mstari unaosomwa sana vikapu vya sadaka vinapopitishwa. Rudi nyuma hadi aya ya 27. Yesu anafundisha kuwapenda adui, kuwabariki wanaotulaani, na katika aya ya 35 anasema tukopeshe bila kutumaini malipo. Aya ya 37 inakataza kuhukumu na inaagiza kuachilia. Mada yote ni ukarimu na rehema kwa watu, tena kwa wasioweza kukulipa. Mhubiri akiugeuza mstari huo kuwa ahadi kwamba ukimpa yeye laki moja utapata milioni kabla ya mwezi kwisha, amefundisha kinyume cha aya iliyo mistari mitatu tu juu yake. Sura yenyewe imekuonyesha. Hukuhitaji chuo cha theolojia.

Hata hivyo, kukosea hakumfanyi mtu kuwa mwalimu wa uongo. Apolo alikuwa hodari katika Maandiko lakini aliujua ubatizo wa Yohana Mbatizaji tu; Prisila na Akila wakamchukua kando, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, akapokea, akaendelea na huduma (Matendo 18:24-28). Kwa hiyo ukikuta kosa, nenda ukamwone mtumishi faraghani na daftari lako. Mwulize: "Mchungaji, aya hii nimeisoma hivi, naomba unisaidie." Kisha sikiliza jibu. Akisema "ngoja niangalie tena", au akakuonyesha andiko ambalo hukuliona, umepata mwalimu. Akianza kuuliza ni nani aliyekutuma, hilo nalo liandike.

Unabii uandikwe siku ileile

Ukitolewa unabii, andika tarehe, maneno yenyewe yalivyotamkwa, na muda uliotajwa. Usipouandika, baada ya miezi sita utakumbuka kile tu kilichofanana na yaliyotokea. Kumbukumbu la Torati 18:22 inatoa kipimo cha jambo lisilotimia, na 1 Wakorintho 14:29 inataka manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Mahali ambapo anayenena ni mmoja na hakuna anayeruhusiwa kupambanua, utaratibu wa Paulo umeshavunjwa.

Angalia pia habari zako zilitoka wapi. Ulijaza fomu ya maombi yenye jina, namba ya simu na tatizo? Uliongea na wahudumu mlangoni? Kurasa zako za mitandao ziko wazi kwa kila mtu? Na "kuna mtu hapa anasumbuliwa na mgongo" katika umati wa watu elfu mbili si ufunuo. Hata watu ishirini tu wakikusanyika, hakosekani wa hivyo.

Tarehe inayosogezwa ni dalili ya hatari kubwa. Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, viongozi wa kundi moja walitangaza kwamba dunia ingekwisha mwishoni mwa 1999. Haikwisha. Ikapangwa tarehe nyingine, na tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waumini, watoto wakiwemo, wakateketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada. Wengi wao walikuwa wameshauza mali na kukabidhi kila kitu. Nabii akikosea tarehe kisha akataja nyingine bila kutubu mbele ya watu, usisubiri hiyo ya pili.

Pesa

Kutoa si kosa, na kanisa linahitaji umeme, mabati na posho ya mchungaji. Tazama njia inayopita fedha. Lipa namba au akaunti ina jina la kanisa au la mtumishi? Sadaka inahesabiwa na watu wangapi, na je, ni ndugu wa familia moja? Benki inahitaji sahihi ngapi? Mapato na matumizi yanasomwa mbele ya washirika walau mara moja kwa mwaka? Paulo mwenyewe hakubeba mchango wa makanisa peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asimlaumu (2 Wakorintho 8:18-21). Kama mtume aliona haja ya mashahidi, hakuna mtume wa leo asiyewahitaji. Kwa Tanzania unaweza kuulizia usajili wa kanisa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi; kwa Kenya, kwa Msajili wa Vyama. Ila jua kwamba usajili unathibitisha jina na viongozi, hauthibitishi mafundisho.

Ada ya kumwona nabii, bahasha zenye viwango vya baraka, mafuta na maji na chumvi vinavyouzwa: hapo ondoka bila mjadala. Nabii Elisha alikataa zawadi za Naamani aliyeponywa ukoma, na Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyemkimbilia Naamani nyuma kuzichukua akapata ukoma (2 Wafalme 5). Mafuta ya Yakobo 5:14 hupakwa na wazee wanaokuja kwa mgonjwa, na hakuna bei iliyotajwa. Imani ikihamia kwenye kitu, watu hukanyagana kukifikia: Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwenye mkutano wa uwanjani waliposukumana kukanyaga mafuta ya upako.

Ukiguswa kutoa kiasi kisicho cha kawaida, kaa nacho siku tatu na mwambie mwenzi wako. Usitoe kwa mkopo wa simu, wala kutoka ada ya watoto. Anayekuambia mlango utafungwa usiku huu anajua kwamba kesho asubuhi utakuwa umeshatulia.

Anapoingia hospitali na nyumbani kwako

Hapa ndipo watu wanapokufa. Mtumishi wa kweli anakuombea na kukuhimiza urudi kliniki. Anayekuambia utupe dawa kama ushahidi wa imani hana kibali cha Mungu wala cha daktari kufanya hivyo.

Ushuhuda wa VVU unahitaji uangalifu wa pekee. Mtu anayemeza ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, vizuri anaweza kupimwa wingi wa virusi na kuambiwa havionekani. Huo ni ushindi wa dawa. Maambukizi bado yamo mwilini, na akiacha dawa virusi huongezeka tena, kwa wengi ndani ya wiki chache. Karatasi hiyohiyo ikisomwa madhabahuni kama uponyaji, walioisikia wataacha dozi zao. Mwenye kifua kikuu akikatiza tiba, ambayo kwa kawaida huchukua miezi sita, anaweza kupata TB sugu. Mwenye kifafa akiacha ghafla anaweza kupata degedege zisizokoma. Mwenye kisukari anayetegemea insulini anaweza kufa ndani ya siku chache. Aliyepona ataonekana amepona kwa vipimo vya daktari akiwa bado anatumia dawa, na daktari ndiye atakayezisimamisha.

Mfungo nao una mipaka. Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye kisukari wasifungishwe, na mfungo wa kutokunywa maji kwa siku kadhaa unaua. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohubiriwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kabla ya kuhamia msituni walikuwa wameambiwa shule ni mbaya, hospitali ni mbaya, na ndugu walio nje ni adui. Mpangilio huo ukumbuke. Kwanza unatengwa na anayeweza kukuambia hapana. Amri nyingine zinakuja baadaye.

Ukitishwa, na ukitaka kutoka

Andiko linalotumiwa kufunga midomo ni Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu." Lisome kuanzia aya ya 8: linahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipotangatanga bila nchi, na wanaoonywa ni wafalme wasiwadhulumu. Halimkatazi mshirika kuuliza. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso, tena mbele ya watu (Wagalatia 2:11-14), wala hakulaaniwa. Ukiambiwa kwamba ukihama utapata ajali au utasa, soma Mithali 26:2: laana isiyo na sababu haimpigi mtu.

Toka kwa utulivu. Zungumza kwanza na mzee wa kanisa au mchungaji wa kanisa lingine unayemfahamu maisha yake, chukua hati zako zote, futa malipo ya kila mwezi kwenye simu, na usikubali kikao cha mwisho peke yako chumbani na viongozi.

Kama aliye ndani ni ndugu yako, usimdhihaki wala usimtukane mtumishi wake. Ukifanya hivyo unathibitisha alichoambiwa kuhusu wewe. Piga simu kila wiki, uulize habari za afya na chakula, na umwambie nyumbani bado kuna nafasi yake. Lakini wakiwepo watoto wasiokula, walioachishwa shule au dawa, usingoje ndugu yako azinduke. Toa taarifa polisi na ustawi wa jamii siku hiyohiyo, au piga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto inayofanya kazi Kenya, Tanzania na Uganda.